Sikio la Mguu wa Kulia

Mimi ni mnoaji. Leo niko Gesima, keshokutwa Itumbe, siku ya soko niko Daraja Mbili nimeketi kando ya akina mama wa ndizi, jiwe langu la kuzungusha kwa mguu liko mbele yangu, na watu wananiletea visu, panga na makasi. Ukinoa vyombo vya watu kwa muda mrefu unawajua hata kabla hawajafungua mdomo. Kisu cha mama mwenye haraka kimeliwa katikati. Panga la mvivu lina kutu mpaka kwenye makali. Na patasi za Nehemiah Angwenyi wa Gesima, hizo hazikunihitaji kabisa. Alizitunza mwenyewe, zikalala kwenye kitambaa chake cha gunia kama watoto wa tumbo moja, kubwa kwa ndogo. Alinipa tu ili nisipite bure nyumbani kwake. Halafu tulikunywa chai.

Nehemiah alikuwa fundi wa mbao. Si wale wa kupigilia vitanda misumari, la. Milango ya nyumba nyingi za watu waliojaliwa huko Gesima ni yake, na ukipitisha kidole kwenye maua yake utadhani majani ya chai yameota kwenye mti. Alikuwa mtu wa maneno machache na kanisa tele. Sabato hakugusa hata msumari uliolegea.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ubao mmoja wa mvule. Mvule huo ulisimama kwenye mpaka wa shamba la baba yake tangu zamani, upepo ukauangusha, na Nehemiah akapasua kutoka kwenye shina ubao mpana ambao huwezi kuupata tena katika nchi hii, maana miti ya hivyo imekwisha. Aliahidi kanisa kwamba ubao huo utakuwa uso wa mimbari. Utachongwa malaika watatu, wale wa Ufunuo, wanaoruka katikati ya mbingu. Malaika wa kwanza alimchonga. Malaika wa pili akamchonga, na Gesima nzima ilijua kwamba malaika huyo ana uso wa Persis, mke wake, alipokuwa msichana, ingawa Nehemiah alikana.

"Malaika hawana bibi," alikuwa akisema.

"Lakini huyu ana kidevu changu," Persis alimjibu siku moja mbele yangu, akiweka vikombe mezani. "Na hajaniomba ruhusa."

Kabla hajamgusa malaika wa tatu, kiharusi kilimpiga. Kilichukua mkono wa kulia wote, kikaufanya mguu wa kulia uwe wa kuburutwa, na jicho la kulia kikalifunika kama ukungu wa asubuhi. Mdomo ulirudi polepole. Mkono haukurudi.

Nilipopita mara ya kwanza baada ya hayo, nilimkuta ameketi nje akitazama wachuma chai. Nikaona aibu kutua jiwe langu. Lakini yeye mwenyewe akamwita mkewe, "Mama Beverlyne, mletee Mzee Ogari patasi." Nikazinoa, na zilikuwa kali bado, hakuna aliyezitumia. Na kila nilipopita tena, alisema vilevile, nami nilinoa vilevile. Sikuuliza. Nilielewa kwamba mtu anayenolewa patasi zake bado ni fundi.

Sasa, wazo la mashine lilitoka kwa binti yake. Beverlyne anafanya kazi Kisii mjini kwenye duka la kuchapisha kadi za harusi na programu za mazishi, na kompyuta anaijua kama mama yake anavyojua sufuria. Alikuja nyumbani akamwonyesha baba yake kwenye simu mashine inayochonga mbao yenyewe. Kisu kinazunguka, kinakwenda, kinarudi, na ua linatokea. Nehemiah aliomba arudishe. Akaomba arudishe tena. Persis aliniambia kwamba ndiyo mara ya kwanza aliona mkono wa kushoto wa mume wake ukienda wenyewe hewani, ukichonga.

"Hiyo kitu haina mkono wa kulia wala wa kushoto," Nehemiah alisema.

Basi wakaanza. Mchomeleaji wa Daraja Mbili aliwatengenezea kiunzi cha chuma: meza, na juu ya meza daraja lenye miguu miwili, mmoja huku na mmoja kule, kila mguu na mota yake ya kuutembeza kwa mkanda wenye meno. Juu ya daraja kuna kigari kinachokwenda kushoto na kulia, na kwenye kigari kichwa cha kupanda na kushuka kilichoshika rauta, ile ya kisu cha kuzunguka. Beverlyne naye alimchora malaika wa tatu kwenye kompyuta, baba yake ameketi nyuma yake akimsahihisha.

"Pua hiyo si ya huku. Irudishe."

"Baba, malaika wa wapi hao wana pua ya Gesima?"

"Wa mimbari ya Gesima."

Ilibaki bodi. Mashine ya namna hiyo bila bodi ya kuiongoza ni kitanda cha chuma tu. Ndipo Nehemiah akaniomba nimsindikize Kisii kwa Ouko, kwa kuwa ngazi za dukani kwake ni mbaya na alitaka bega la kushika.

Ouko ni Mjaluo wa Oyugis, fundi wa redio, simu na kila chenye waya. Amekaa Kisii mpaka anasalimia Kigusii vizuri kuliko vijana wetu.

"Bwakire, omogaka!" alisema, na akamvutia Nehemiah kiti. "Umeniletea ndizi?"

"Ndizi tumewaachia wenye meno. Wewe umebakisha samaki, ama umemaliza na miba?"

"Miba ndiyo inatupatia akili ya stima, mzee. Nyinyi na ndizi zenu mtabaki na mshumaa."

Walicheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho cha siku hiyo.

Ouko alitoa kwenye kasha bodi ya kijani isiyozidi kiganja, imejaa vijimlango vya waya pembeni. Yeye aliita milango hiyo input na output. Nehemiah alimwuliza mara mbili, kisha akaibatiza kwa majina yake mwenyewe, na tangu hapo wote tukayatumia. Ile ya kutoa amri ni mikono. Ile ya kupokea habari ni masikio.

"Mikono inatosha," Ouko alisema akionyesha kwa bisibisi. "Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, kigari, kichwa. Halafu wa kuwasha rauta, na wa kuwasha feni ya kupuliza vumbi. Hapo tuko sawa kabisa. Shida yangu ni masikio."

"Masikio ya nini, na mashine haina mtu wa kusengenya?" niliuliza.

"Mzee Ogari, stima ikipotea ukiwa ndani ya nyumba, mlango unaujuaje? Si unapapasa ukuta? Na hii ni kipofu hivyohivyo. Ukiizima, inasahau iko wapi. Ukiiwasha, lazima irudi konani ipapase. Kule konani naweka swichi ndogo. Mguu ukifika unaigonga, swichi inaambia bodi, huyu amefika. Ndio inajua nyumbani ni wapi, na kutoka hapo itarudi mpaka palepale ilipoachia, hata kama ni kwenye unyoya wa malaika."

Akahesabu. Sikio la mguu wa kushoto. Sikio la mguu wa kulia. Sikio la kigari. Sikio la kichwa. Kitufe chekundu cha hatari hakikuhitaji sikio, angekipitisha kwenye stima yenyewe, ukikigonga kila kitu kinazima. "Ni manne. Na bodi hii ina masikio manne. Barabara."

"Mimi nataka na la Sabato," Nehemiah alisema.

Ouko alimtazama.

"Mvule ni mgumu na mota yetu ni ndogo. Kazi haitaisha kwa siku moja wala mbili. Ijumaa jua likishuka lazima isimame, iwe popote ilipo. Si kuizima. Kuisimamisha tu, ishike mahali pake mpaka Sabato ipite, halafu iendelee. Beverlyne amesema kuna kitufe cha hivyo."

"Kipo. Lakini nacho ni sikio. La tano."

"Basi nipe bodi ya matano."

"Ninayo ya mengi kuliko hayo," Ouko alisema, "lakini iko njiani kutoka China, na njia hiyo siijui mimi. Labda itafika makambi yamepita. Ngoja hiyo, omera, ndugu yangu. Malaika amengoja muda wote huo, hawezi kufa kwa mwezi mmoja."

Makambi ni ile mikutano yetu mikubwa ya mwezi wa nane, makanisa yote yanapokusanyika. Na hapo ndipo mfupa ulipokwama. Kamati ya kanisa ilikuwa imesema, kwa upole, maana watu wa kanisa husema kwa upole hata wanapokuchinja, kwamba ikiwa mimbari haitakuwa tayari wakati wa makambi, watanunua ya mjini. Ikishanunuliwa, nani atamngoja tena fundi wa mkono mmoja? Nehemiah alilijua hilo. Mimi nililijua. Ouko pia, alikuwa ameambiwa.

"Makambi hayangoji," Nehemiah alisema. "Ni lazima sikio moja liachwe. Kichwa?"

"Kichwa hapana. Kitachimba mpaka meza."

"Kigari?"

"Hapana, mzee. Acha hilo la Sabato. Panga kazi iishe Alhamisi."

"Kazi ya mti haipangwi kama safari ya basi. Si unaweza kufunga miguu yote miwili kwenye sikio moja?"

"Naweza. Lakini bodi itasikia kelele tu, haitajua ni mguu gani umefika na upi umebaki. Itakuwa kazi bure."

Nehemiah aliigeuza bodi kwa vidole vya kushoto. Halafu akasema, "Miguu hutembea pamoja. Nani aliona mguu mmoja ukitoka nyumbani na kuuacha mwingine?"

Ouko alikuwa mtu wa utani, na watu wa kwao hawabagui wa kumtania. Maneno yalimtoka kabla hajayatazama. "Omera, wewe ndiye wa kuniuliza hivyo? Na huo wako unaouvuta kama mbuzi wa soko?"

Ouko aliziba mdomo kwa mkono. Nehemiah aliutazama mguu wake wa kulia, kiatu chake kimelika upande kwa kuburutwa, akautazama kwa muda mrefu kama kitu alichookota njiani.

"Wa chuma haujapigwa kiharusi," alisema. "Utafunga sikio kwenye mguu wa kushoto. Wa kulia utamfuata mwenzake. La nne ni la Sabato."

"Mzee, nilitania. Usichague kwa hasira."

"Sina hasira, kijana wangu. Funga."

Sasa mimi sikusoma sana, na mambo ya mota siyajui. Lakini mtu akisema hana hasira kwa sauti ya chini namna ile, hata jiwe langu linajua.

Walianza Jumatano, Beverlyne alipopewa ruhusa kazini. Ouko alikuja mwenyewe Gesima kufunga waya, akaleta na betri kubwa ya lori ili stima ikikatika, kama ilivyo desturi yake huko kwetu, mashine isizime. Alikuwa mpole siku hiyo, hakutania mtu. Kabla ya kuondoka alimwambia Beverlyne, "Huo mguu wa kulia, uangalie kwa macho. Hauna wa kuusemea."

Nami nilikuwa nimefika na jiwe langu. Walinipa mahali pa kulala kwenye chumba cha mbao ilimokuwa mashine, nikabaki, kwa sababu gani nisibaki? Hujapata kuona kitu kama kile. Kisu kidogo kinaimba juu ya mvule, feni inapuliza vumbi jekundu, daraja linakwenda, linarudi, na malaika anaanza kutokea kutoka chini kama mtu anayetoka majini. Kwanza kiwiliwili. Kisha mavazi. Bawa lake moja lingenyooka kumfuata malaika wa pili, lifike karibu na shavu lake lakini lisiguse, kama Nehemiah alivyokuwa amelichora zamani kwenye karatasi.

Majirani walikuja. Nehemiah alisimama na fimbo yake, kichwa kimeinama kushoto ili jicho zima lione, na kila kisu kilipopita mahali pagumu niliona bega lake likijikaza. Alikuwa anachonga, yule. Siku zile mbili alikuwa anachonga. Alhamisi jioni alikula mpaka Persis akamwambia, "Leo umemkumbuka Mungu na tumbo."

Ijumaa jua lilipoinama juu ya mashamba ya chai, lilibaki bawa hilo na uso. Persis ni shemasi, na Ijumaa ya nyumba yake ni Ijumaa kweli: chinsaga, mboga yetu, imepikwa, watu wameoga, nguo zimepigwa pasi, moto unangoja kufunikwa. Nehemiah alibonyeza kitufe chake. Kisu kikanyanyuka, rauta ikanyamaza, daraja likatulia palepale. Akanitazama kama mtoto aliyepita mtihani.

"Umeona? Inangoja. Sikio la Sabato hilo."

Persis alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga. "Baba Beverlyne. Na hiyo sauti?"

Tukasikiliza. Kweli, mota zilikuwa zinanguruma, kwa chini sana, kama paka.

"Haifanyi kitu," Nehemiah alisema. "Inashikilia mahali pake tu."

"Anayeshikilia anafanya kazi."

"Mama, ni stima kidogo tu," Beverlyne alisema.

"Bawabu naye hukaa tu kwenye kiti. Mwisho wa mwezi hapokei mshahara? Si hiyo ndiyo kazi yake, kushikilia mahali?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mtu anayeona chungu kimeachwa motoni. "Mashine inachonga malaika wa mimbari, halafu iingie Sabato ikinguruma ndani ya nyumba ya shemasi? Na kesho wazee wanakuja kuitazama."

Jua lilikuwa linakwenda. Nehemiah alitabasamu upande mmoja, ule unaoweza, akasema, "Mke wangu amesema kweli. Izimwe. Jumapili itapapasa njia yake, si ndio maana tukaipa masikio?" Beverlyne akazima. Mngurumo ukaisha, na chumba kikawa kimya kama kanisa.

Sabato baada ya ibada wakaja. Mzee Machogu, mzee wa kanisa, na wengine nyuma yake, na suti zao, na nyimbo zao bado kooni. Walisimama mbele ya ubao. Machogu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nehemiah," alisema, "kumbe Mungu hajakumaliza."

Nitaieleza sauti ile vipi? Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwa amekata tamaa na sasa anaona haya. Nehemiah alishika fimbo kwa nguvu. Macho yake yalijaa, yote mawili, hata lile la ukungu.

Machogu akaweka mkono juu ya daraja la mashine, upande wa kushoto, kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni. "Na chuma chote hiki kinasukumwa na kitu gani?" Akasukuma. Na kwa kuwa mota zilikuwa zimezimwa, hakuna kilichoshikilia, daraja likateleza.

"Taratibu, mzee wetu," Nehemiah alisema.

"Kwani linauma? Kumbe ni jepesi hivi!" Akalisukuma tena, akalivuta, wenzake wakacheka. Upande wa kushoto ulikwenda naye. Upande wa kulia ulikuwa na vumbi la mvule njiani, ukakawia. Nilisikia mlio mdogo, tk, kama kucha inayokatwa. Nehemiah aliusikia pia, maana aligeuza kichwa. Lakini mgeni wa Sabato, mzee wa kanisa, aliyekuja kukupa heshima, utamwambia nini? Persis alikuwa anawaita mezani. Wakaenda.

Jumapili asubuhi Beverlyne aliwasha. Mashine ilirudi konani kupapasa kama Ouko alivyosema. Kichwa kikapanda, kikagonga sikio lake. Kigari kikagonga lake. Daraja likarudi nyuma mpaka mguu wa kushoto ukagonga lake, na bodi ikasema kwenye kompyuta kwamba imefika nyumbani, yote.

"Baba, huo mguu wa kulia uko sawa? Ouko alisema tuangalie."

Nehemiah aliinama, akafumba jicho moja kama mafundi wanavyofanya wakipima mstari. Alilofumba lilikuwa la kulia, kwa mazoea, na lilikuwa halioni hata hivyo. Alisimama upande wa kushoto. Kutoka hapo daraja lilikuwa limenyooka kama rula.

"Uko sawa," alisema. "Endelea."

Kisu kikaimba tena. Feni ilikuwa inapuliza vumbi kuelekea malaika wale wawili, likawafunika mpaka shingoni, jekundu na laini. Tulikuwa na furaha. Persis alileta chai humo humo, jambo ambalo hajawahi kulifanya, tukanywa tumesimama, na Nehemiah akaanza kumweleza Beverlyne jinsi watakavyoipaka mafuta. Kazi ilipofika ncha ya bawa, sauti ya kisu ilibadilika kidogo, ikawa nzito. Nehemiah aliacha maneno katikati.

"Simamisha," alisema.

Beverlyne alibonyeza. Akachukua brashi, akafagia vumbi.

Tangu ule mlio mdogo wa Sabato, mguu wa kulia ulikuwa umebaki nyuma ya mwenzake kwa upana wa punje ya mahindi, na daraja likawa limekaa mshazari. Bawa la malaika wa tatu halikuishia karibu na shavu la malaika wa pili. Liliingia. Lilikuwa limekata shavu, likapita mdomoni, likafika kwenye kile kidevu. Na lilikuwa limekata vizuri, nyoya kwa nyoya, safi, bila kosa hata moja.

Beverlyne alianza kulia bila sauti, brashi ikiwa mkononi. Nehemiah alisogea na fimbo yake, akaweka vidole vya kushoto pale palipokuwa mdomo, akavizungusha polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Tunaweza kuziba," Beverlyne alisema. "Na gundi na vumbi lake. Baba? Watu huziba."

"Uso hauzibwi na gundi."

Persis alikaa kwenye kigogo. "Ni mimi niliyesema izimwe," alisema.

"Sabato si yako, ni ya Mungu. Usijibebeshe."

"Basi ni Machogu."

"Machogu alifurahi tu." Akafikiri. "Mimi ndiye niliyesema miguu hutembea pamoja."

Baada ya hapo hakulizungumza tena. Beverlyne alirudi Kisii na kompyuta yake. Makambi yalipofika, mimbari ilikuwa ile ya mjini, ya plastiki inayopitisha mwanga kama kioo, unamwona mhubiri mpaka viatu. Watu waliisifu. Mzee Machogu alimwombea Nehemiah kwa jina mbele ya wote, ombi refu na zuri, na hajui mpaka leo mkono wake ulifanya nini. Nehemiah alikataza aambiwe.

Nilipanda tena Gesima mvua za vuli zilipoanza. Nilimkuta Ouko uani, amekuja na kasha chini ya kwapa. Ile bodi kubwa ilikuwa imefika hatimaye, na aliibeba mwenyewe kutoka Kisii bila kuitwa. Aliifungua juu ya meza, ina milango mistari kwa mistari.

"Mzee, hii ina masikio ya kila kitu," alisema. "Mguu wa kushoto, wa kulia, wa Sabato, na mengine yanabaki bure. Nitaifunga leo. Sitaki kitu."

Nehemiah aliitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtoto wa mgeni.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini sasa isikie nini?"

"Tutatafuta ubao mwingine."

"Mvule wa baba ulikuwa mmoja, Ouko."

"Basi hata msonobari, wa kujaribia."

"Kuchonga nini?"

Ouko aliliacha kasha pale mezani, akanywa chai yake yote kwa haraka ingawa ilikuwa inaunguza, akaaga. Kule langoni alisimama akitaka kurudi kusema neno, halafu akaenda.

Ubao wenyewe uko kwenye chumba kile cha mbao. Umegeuzwa, nyuso zinatazama ukuta. Persis ameweka juu yake magunia ya mahindi ili unyevu usimwingie panya, hivyo ndivyo alivyosema, na sijui alichanganya vipi unyevu na panya, ila najua hakutaka kuuona. Mashine imefunikwa turubai. Kuku wamegundua kwamba chini yake ni pakavu.

Nilitua jiwe langu uani, nikalimwagia maji, nikangoja kama kawaida. Persis alitoka na lile gunia la patasi bila kuambiwa, akaniwekea miguuni. Nikalifungua. Zililala vilevile, kubwa kwa ndogo, ila nilizoea kuzikuta na mafuta, na mara hii kulikuwa na madoa madogo ya kutu, ya rangi ya vumbi la mvule.

"Hizo acha, Ogari," Nehemiah alisema kutoka kwenye kiti chake.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Zina kutu kidogo tu. Ni kazi ya muda mfupi."

"Acha." Hakuwa na uchungu katika sauti. Laiti angekuwa nao. "Mnolee Mama Beverlyne kisu cha mboga. Kimekuwa butu, juzi alijikata."

Persis alisimama kidogo. Kisha akainama, akazikunja zile patasi katika gunia lao, akazifunga kwa kamba, akaingia nazo ndani. Akarudi na kisu cha chinsaga, chenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Nikaanza kukanyaga, jiwe likazunguka, nikanoa kisu hicho.

Nilikinoa kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Nilipoinua macho, Nehemiah alikuwa anatazama wachuma chai kule chini, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti, umetulia.